Mwenye Chungu Hatazami Moto

Kwetu mwanamke hakuchoma vyungu vyake mwenyewe. Alichimba udongo, akaukanyaga, akafinyanga, akaanika, lakini siku ya moto ilipofika alimwachia mwenzake kazi yote. Yeye alikaa chini, akaupa moto mgongo mpaka aitwe. Mama zetu waliotufundisha kazi walisema jicho la mwenye chungu hukipasua. Sikuwahi kuuliza kwa nini. Wakati ule msichana aliyeuliza kwa nini alipewa kofi, na jibu akajitafutia mwenyewe.

Kwa hiyo kila mfinyanzi alikuwa na mwenzake wa moto. Mimi na wangu tulikutana Kolwezi, katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, enzi za Wabelgiji. Alitoka kaskazini kama mimi, mume wake alifanya kazi ya shaba kama wangu, na mlango wake ulitazamana na wangu. Alikuwa mdogo kwangu, akawa ananiita yaya, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa. Aliogopa nyoka kupita kiasi. Kule bondeni tulikochimba udongo, ng'ambo ya kijito, mimi ndiye niliyetangulia kupiga nyasi kwa fimbo, yeye akinifuata nyuma na kunitania kwamba nyoka watanila mimi kwanza kwa kuwa nimenona.

Nilimpenda. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani nilikuwa namvizia tangu mwanzo. Nilipomzika mtoto wangu wa pili, yeye ndiye aliyelala nami chini siku zote za msiba. Nilipougua, alinichotea maji bombani na kunipikia, ingawa chumvi ya mkono wake ilikuwa ya kumfukuza mgonjwa kitandani. Leo vyungu vyangu, kesho vyake. Nilichoma vya kwake, naye akachoma vya kwangu, na wanawake wa cité, mtaa wa Waafrika nje ya kambi, waliouza munkoyo, ile pombe laini ya mahindi na mizizi, walivinunua kabla havijapoa vizuri. Sufuria za alumini zilikuwa zimejaa madukani, lakini mnywaji wa munkoyo hadanganyiki. Alijua chungu kinapooza, na bati linachemsha.

Kisha mume wangu akafa, kifua kikiwa kimemchosha muda mrefu. Nyumba ya kambini ilikuwa ya kazi, haikuwa ya mtu. Baada ya matanga, kapita, msimamizi wa kambi, alikuja mlangoni, kofia mkononi, akanieleza kwa upole kwamba niangalie pa kwenda kabla mvua hazijaanza. Sikumchukia. Alikuwa amekunywa maji kwenye vyungu vyangu, na aibu ilimjaa usoni.

Ni katika kiangazi hicho habari ya fuaye ilitokea. Fuaye ilikuwa nyumba ambamo wake za wafanyakazi walifundishwa kushona, kupiga pasi na kupika keki ambazo waume zao hawakuzila. Madamu aliyeiongoza alitaka sasa mwanamke wa kufundisha ufinyanzi. Atakayechukuliwa atapewa mshahara na chumba nyuma ya fuaye, palepale kambini. Madamu alisema ataangalia vyungu vya kila mmoja ndipo achague. Kambi nzima wafinyanzi tulikuwa sisi wawili.

Chumba kile nilikitaka kwa moyo wangu wote. Hapo ningebaki na kaburi la mume wangu karibu, na kanisa langu, na wanawake niliozeeka nao. Zaidi ya yote ningebaki na kazi. Mjane anayekwenda kukaa kwa ndugu hupewa mtoto wa kubeba na kunde za kuchambua, basi. Nilimwambia mwenzangu yote hayo tukiwa tunakanyaga udongo, miguu yetu imezama.

"Yaya, ile kazi ni yako," alisema. "Mi niko na bwana, niko na nyumba. Nitaenda kwa madamu juu ya kukusindikiza tu. Hata batu bote banajua mukono yako."

Nikatulia. Mtu akikuambia hivyo huku amekushika bega ili asiteleze, utamkataaje?

Nilifinyanga mitungi yangu vizuri kuliko siku zote. Niliikwangua ndani kwa kipande cha kibuyu, nikaisugua nje kwa jiwe la mtoni mpaka ikang'aa, nikaianika kivulini mpaka ikakauka kabisa. Siku ya moto nikampa mwenzangu vyungu vyangu, nikageuka, nikakaa juu ya gogo nikitazama uzio wa matete.

Mtu anayeupa moto mgongo hujifunza kuusikiliza. Kwanza vyungu hufukizwa: makaa yanawekwa kuvizunguka, mbali kidogo, na moshi unapita polepole muda mrefu ili maji yaliyojificha ndani ya udongo yatoke bila vurugu. Baadaye magome, baadaye kuni, na nyasi mwisho kabisa, juu ya yote. Ukiharakisha, yale maji yanachemka ndani na chungu kinapasuka. Hata mtoto wa mfinyanzi anajua. Siku ile nilikuwa sijakaa vya kutosha hata gogo lipate joto, nikasikia nyasi zinalia.

"Nyasi zinawaka mapema," nilisema bila kugeuka.

"Ni mupepo, yaya. Usigeuke, utaviua."

Sikugeuka. Halafu nikasikia: pa! Kimya kidogo. Pa! Pa! Kila mlio uliniingia mgongoni. Aliponiita, mitungi yangu ilikuwa vigae. Mwenzangu alikaa chini kwenye majivu akalia, machozi ya kweli, yakimchora mistari usoni. Ndiyo maana nilimshika mimi, nikambembeleza yeye.

Kesho yake nilichoma vya kwake. Nilikaa na moto ule tangu king'ora cha asubuhi mpaka wanaume wa zamu ya kwanza walipokuwa wanarudi na taa zao, nikisogeza makaa kidogo kidogo, nikiongea na vyungu vyake kama ninavyofanya, maana mimi huongea na kila kitu. Vyote vilitoka vyekundu, vizima, bila hata alama. Alivigonga kimoja kimoja, akacheka.

Nikafinyanga tena. Vikapasuka tena. Nikabadilisha maji, nikasaga vigae vingi zaidi kuchanganya na udongo, nikaomba sala, nikaacha kula nyama. Vikapasuka. Hapo maneno yakaanza bombani. Mmoja alisema mikono ya mjane ni ya baridi, mwingine alisema marehemu hataki nifanye kazi, mwingine akasema kwa huruma tu kwamba nimezeeka. Hilo la uzee ndilo lililoniua. Uchawi unatafutiwa dawa, marehemu anaombewa misa, lakini uzee utaupeleka wapi? Nilianza kuitazama mikono yangu nikiwa nakula. Vifundo vilikuwa vimevimba, kidole gumba cha kulia hakikunjiki vizuri. Nikasema kumbe ni kweli.

"Pengine njo uzee, yaya," mwenzangu aliniambia, akinipaka mafuta ya mawese kwenye vidole hivyohivyo. "Ulitumika sana. Pumuzika."

Siku ya madamu ilipofika, mwenzangu alikuwa na safu ya vyungu barazani pa fuaye, na mimi nilikuwa na kimoja kidogo kilichoponea, nacho kina ufa mdomoni. Madamu aligonga vya mwenzangu kwa pete yake. Vililia vizuri. Alipofika kwangu aliniuliza kwa Kiswahili chake cha amri kama nina vingine. Mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, nikamwambia mikono yangu imekwisha, amchukue huyu, ni fundi. Wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nilipiga kuliko wote.

Walinihamisha kabla ya mvua, kama kapita alivyosema. Kaka yangu alikuwa na nyumba Mutshatsha, alikokuwa akifanya kazi ya reli, akaja kunichukua. Mizigo yangu ilikuwa midogo, lakini nilikataa kuacha gunia la udongo uliobaki uani, ambao nilikuwa nimekwisha kuukanyaga na kuuchanganya kwa ajili ya mara nyingine. Kaka alilalamika njia nzima ya kwenda stesheni. Aliniuliza kama Mutshatsha hakuna udongo. Nililipakata tu. Mwenzangu alitusindikiza, akalia tena kwenye dirisha la gari la moshi, na nikampa kanga yangu iliyokuwa nzima.

Mutshatsha nilikuwa mtu bure. Nilichambua kunde, kama nilivyotabiri, na nilibeba watoto wa watu. Waswahili husema mfinyanzi hulia gaeni, lakini mimi hata kigae sikuwa nacho, nilikuwa nakula kwenye sahani ya bati ya wifi yangu. Na wifi yangu hakuwa mtu wa kukubembeleza. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kupita ng'ambo ya reli. Aliuza munkoyo stesheni siku za gari la moshi, na aliuchachusha ndani ya pipa la zamani, kwa hiyo ulikuwa na ladha ya kutu ambayo wasafiri waliivumilia kwa sababu ya kiu tu.

"Mulamu," aliniambia mara kwa mara, na kule mulamu ni wifi au shemeji, "mufinyanzi iko mu nyumba yangu, na mi natumikisha pipa! Batu banacheka. Nifanyizie hata kimoja."

"Mikono ilikwisha."

"Mikono ilikwisha, na kunde unachambua mbio kuliko mi?"

Niliendelea kuchambua. Nilikuwa nimekwisha kujihukumu, na mtu aliyejihukumu hapendi wakili. Gunia lilikaa pembeni mwa jiko, mama kuku akatagia juu yake.

Mvua zilipita, kiangazi kikarudi. Siku moja nilikuwa nimemsaidia wifi kubeba munkoyo mpaka stesheni. Gari la moshi kutoka Kolwezi likasimama, na kwenye behewa la tatu nikamwona mama mmoja wa kambini kwetu akinunua kikombe. Tulipiga kelele za furaha. Akaniambia nani amezaa, nani amehamishwa kwenda Tenke. Nikamuuliza habari za mwenzangu, nikitegemea salamu.

"Ye iko muzuri, iko na chumba yake kwa fuaye," alisema. "Haukuyua? Aliacha bwana yake. Yule bwana alikuwa alisha kuleta bibi mwingine, tangu ile kiangazi ya matanga ya kwako. Ye alikuwa anatafuta fasi ya kutokea."

Nikamwambia mwenzangu hakunigusia. Yule mama akanywa, akafuta mdomo.

"Na anafundisha muzuri. Byungu yake anachoma ye mwenyewe, anaviangalia mu macho. Anasemaka ile ya kupa moto mugongo ni mambo ya bazee, haina kintu. Anasemaka chungu inapasukaka kama moto ni ya haraka, basi."

Gari likapiga filimbi. Alinipungia mkono, na mimi sikumbuki kama nilimpungia. Wifi alinikuta nimesimama na vikombe vichafu mikononi.

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, lakini aliyeliwa huwa wa mwisho kujikuna. Nilirudi nyumbani nikijitetea, na niliyekuwa namtetea alikuwa yeye. Nilisema labda upepo ulikuwa upepo kweli. Labda alianza kuchoma vyake mwenyewe kwa sababu tu amekosa mwenzake wa moto. Kuletewa mwanamke mwingine na mumeo ni aibu, si kila mtu husema. Lakini angeniambia! Chumba kile kingetutosha sote wawili. Tungelala mkeka mmoja kama tulivyolala siku za msiba, na kazi angeichukua yeye, mimi ningemkanyagia udongo. Hilo ndilo lililonichemsha damu. Alikuwa ananijua vya kutosha kujua kwamba ningekubali.

Na bado sikuwa na hakika. Nilikuwa na mikono ya mjane, iliyovimba vifundo, na kambi nzima ilikuwa shahidi kwamba imezeeka. Njia ya kujua ilikuwa moja. Nilimfukuza kuku juu ya gunia.

Nilimwaga udongo ule juu ya mkeka uani, nikaupondaponda, nikaunywesha maji, nikauacha ukae. Ulikuwa udongo uleule wa bondeni kwetu, wenye vigae vilevile nilivyosaga kwa mkono wangu, na sikuongeza hata ngumi moja ya udongo wa Mutshatsha. Nilitaka kila kitu kiwe kama kule, isipokuwa yule aliyeshika moto. Nilipoanza kuukanyaga magoti yaliniuma, na kidole gumba kilikataa, nikakitumia cha kushoto. Nilikuwa na hasira. Watu husema mtu hurudi kazini kwa moyo mwema, kwa sala au kwa ushauri wa rafiki. Mimi nilirudi kwa hasira tupu, na nakiri ilinipa nguvu kuliko uji. Niliamka kabla ya jogoo nikifikiria midomo ya mitungi. Nilimkaripia kaka kwa kupita karibu na vilivyoanikwa. Kwa mara ya kwanza tangu msiba nilisikia njaa.

Siku ya moto wifi alikuja kusimama karibu, mikono kiunoni. Alijua desturi, mama yake pia alifinyanga.

"Nani atakuchomea? Mi siyui."

"Nitachoma mwenyewe."

"Na mugongo?"

"Mgongo wangu umechoka."

Nilipanga vyungu, nikaweka makaa mbali kuvizunguka, nikakaa uso kwa uso navyo. Naapa niliogopa. Mambo uliyofundishwa kwa kofi hayatoki kwa siku moja. Macho yalitaka kujigeuza yenyewe, na kila moshi uliponijia niliona vizuri, maana ulinipa sababu ya kuyafumba. Lakini niliyafumbua. Nilitazama unyevu ukitoka, rangi ikibadilika kutoka kijivu kwenda ile nyeusi ya mwanzo. Nikasogeza makaa. Nikaongeza magome. Wifi alikuwa anapika na kurudi, anapika na kurudi.

"Unabiangalia sawa mutu anaangalia mwizi," alisema.

Nilimwambia nyamaza. Nyasi niliweka mwisho, jua likiwa limekwisha kuvuka vichwa vyetu, nikasikiliza. Mwili wangu mzima ulikuwa unangoja ule mlio. Moto ulivuma, nyasi zikalia, zikaanguka, zikawa majivu, na mlio haukuja.

Ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nautaka. Nilikuwa naomba, kwa midomo kabisa, kipasuke kimoja. Kimoja tu. Chungu kimoja kikipasuka nitasema kweli nimezeeka, mikono imekwisha, na yule aliyelala nami chini nikimlilia mtoto wangu hakunifanya lolote. Ningechambua kunde mpaka kufa kwangu na ningebaki na rafiki yangu. Niliomba hivyo moto ukipoa, na huku mkono wangu wa kulia, mpumbavu, unawasha kwa hamu ya kugusa mitungi.

Nilivitoa kimoja kimoja kwa kijiti. Nikagonga cha kwanza kwa kifundo cha kidole: kililia vizuri. Cha pili kililia. Nilianza kugonga kwa nguvu, kama mtu anayetafuta ugomvi, nikavigeuza, nikavitazama kitako, mdomo, shingo, nikapitisha ukucha kutafuta ufa hata wa unywele. Cha mwisho kilikuwa kidogo, chembamba kuliko vyote, nilikifinyanga hivyo kusudi. Nilikigonga polepole. Kililia vizuri kuliko vingine.

Wifi alikuwa amekwisha kukumbatia mtungi mkubwa, moto au si moto, akiuimbia. Alikuwa anapanga wateja wake kwa sauti ya kusikika stesheni, na kesho tungekwenda mtoni kutafuta udongo mwingine, na pipa lile atamtupia kaka alifanye kiti. Halafu akaniona.

"Mulamu! Byungu byote ni bizima, hata kimoja hakikupasuka. Sasa unalilia nini?"

"Ile njo nalilia," nikamwambia.